Mtoro

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya kukomeshwa kwa utumwa, wanafunzi huniandikia majina yaleyale kwa mpangilio uleule: Moresby, Hamerton, Frere, Kirk. Aliyebakiwa na nafasi humwongeza Livingstone, na mwenye bidii zaidi hutia na Wilberforce, ingawa yule alifariki 1833 bila kuiona Unguja hata kwa darubini. Kila jina lina mwaka wake, 1822, 1845, 1873, na miaka hiyo wanaikariri kama jedwali la kuzidisha. Mimi naisahihisha kwa kalamu nyekundu kama nilivyosahihishiwa mimi. Majibu hayo ni sahihi. Ndiyo yaliyomo katika mwongozo wa kusahihishia.

Ilinichukua miaka kadhaa kuona kinachonikera. Ni sarufi. Tazama kitenzi "kukomesha" katika majibu hayo yote: mtenda ni Mwingereza mwenye cheo, mtendwa ni biashara. Mtumwa mwenyewe hana kitenzi. Akitokea, hutokea mwishoni mwa sentensi akiwa amefungwa, au amefunguliwa, na mara zote mbili mkono ni wa mtu mwingine.

Kwa muda mrefu somo hili tulilifundisha sekondari kwa Kiingereza, na Kiingereza kilituhifadhi. Mtoto wa Bagamoyo aliandika juu ya utumwa kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia nyumbani, akapata alama zake, akarudi kwa bibi yake, asione uhusiano wowote kati ya alichokiandika na kibaraza alichokikalia. Sasa mtaala mpya unatutaka tuifundishe historia ya nchi kwa Kiswahili, na wenzangu wengi wanashukuru kwamba kazi imekuwa nyepesi. Kwangu imekuwa nzito, kwa sababu Kiswahili kilikuwapo wakati mambo hayo yakitendeka. Maneno yake yana kumbukumbu.

Chukua neno kibarua. Katika karne ya 19, tajiri wa Unguja au Mombasa aliyekuwa na watumwa wengi kuliko kazi aliwaachia waende mjini kutafuta kazi za siku: kubeba mizigo bandarini, kusafisha sandarusi, kupakia meli. Mtumwa alipewa kikaratasi cha kazi ile, barua ndogo, kibarua, na jioni malipo yaligawanywa kati yake na bwana wake. Baadaye jina la karatasi likamhamia aliyeibeba. Siku niliyoyaeleza hayo kwa mara ya kwanza, kijana mmoja wa kiti cha nyuma akasema, bila kuinua mkono, "Mwalimu, baba ni kibarua." Darasa likacheka kidogo, halafu likaacha. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya dakika arobaini juu ya mikataba. Sikuyatoa siku ile.

Hata hivyo mikataba haina budi kufundishwa, na ni vema ifundishwe kwa jicho la mtu anayesoma mkataba wa nyumba: si kilichoandikwa tu, bali na kile kilichorukwa. Mwaka 1822, katika mkataba wa Moresby, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alikubali kwamba watumwa wasiuzwe kwa raia wa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845, katika mkataba wa Hamerton, akakubali wasisafirishwe nje ya himaya yake ya Afrika. Ndani ya himaya hiyo kulikuwa na mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na mikarafuu ilihitaji mikono. Kwa hiyo mkataba uliokusudiwa kupunguza biashara haukuigusa kiu ya nyumbani. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika miaka ya 1860 walipitia Unguja watumwa kati ya 15,000 na 20,000 kwa mwaka, wengi wao kutoka Kilwa, na forodha ikatoza ushuru kwa kila kichwa.

Halafu 1873. Hapa napenda kuchelewa. Mwaka uliotangulia, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimepiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Sultani Sayyid Barghash alikuwa na miaka michache tu katika kiti, mashamba yake yamelala chini. Januari 1873 akaja Sir Bartle Frere na ujumbe wa serikali ya Uingereza kumtaka aache biashara ya watumwa. Barghash akakataa. Frere akaondoka. Miezi michache baadaye balozi John Kirk akapokea maagizo ya kumwambia kwamba asipotia saini, kisiwa kitazingirwa na manowari. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini, na soko la Mkunazini likafungwa.

Wanafunzi hufikiri kwamba siku ile watu walifunguliwa. Kilichopigwa marufuku ni kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni. Kumiliki mtu hakukuguswa. Ninapotaka kulionyesha hilo humtaja Rashid bin Hassani, Mbisa aliyekamatwa akiwa mtoto na kufikishwa Unguja, ambaye uzeeni maisha yake yaliandikwa kwa masimulizi yake mwenyewe na kuchapishwa 1936. Alikuwa mtumwa wa Bibi Zemzem. Bibi Zemzem alikuwa dada yake Sayyid Barghash, yuleyule aliyetia saini. Yaani mkataba ungeweza kutundikwa ukutani nyumbani kwa dada mtu na Rashid akaendelea na kazi yake.

Baada ya hapo kulikuja amri juu ya amri. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Mwaka 1890 Sayyid Ali bin Said alikataza watumwa kuuzwa kwa namna yoyote. Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed akaondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akauombe, aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, na serikali ikamlipa fidia bwana wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Walioitunga waliwahesabu kuwa wake, na mke, kwa fikra za wakubwa wa wakati ule, hahitaji kukombolewa. Walisubiri hadi 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907.

Na Tanganyika? Nikiuliza swali hilo darasa zima hujibu 1873, wengine kwa sauti. Wajerumani waliitawala nchi hii tangu miaka ya 1880 hadi Vita Vikuu vya Kwanza na hawakuufuta utumwa. Walikuja na maneno ya kupinga watumwa midomoni, wakayatumia kuhalalisha vita vyao dhidi ya Abushiri aliyewapinga pwani, kisha wakaweka kanuni za kujikomboa kwa fedha na kutangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwisho wa 1905 atakuwa huru. Waliokwisha kuzaliwa walibaki walivyo. Ni 1922, chini ya Waingereza, ndipo sheria ilipoufuta kabisa. Naandika namba hiyo ubaoni kisha nawaomba wahesabu wakirudi nyuma: bibi yako alizaliwa lini, mama yake je? Kuna watoto wanaofika kwenye jibu kabla ya wenzao, na nimejifunza kutowataja.

Swali linalofuata hutoka kwao kila mwaka, na ni zuri: Waingereza waliingiwa na huruma ghafla? Jibu la vitabu vya zamani ni ndiyo, huruma ya Kikristo. Jibu la vitabu vya baada ya uhuru ni hapana, viwanda vilihitaji wateja na malighafi. Siridhiki na lolote kati ya hayo mawili likiachwa peke yake. Ni kweli kwamba watu wa kawaida wa Uingereza, wengi wao wanawake wasiokuwa na haki ya kupiga kura, waligoma kununua sukari ya watumwa na kutia saini maombi kwa maelfu. Ni kweli pia kwamba Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, alichapisha maisha yake 1789 na kuzunguka nchi nzima akikiuza kitabu chake, na kwamba watumwa wa Haiti walianza kuwapiga mabwana zao 1791, wakapata nchi yao 1804, habari zilizowanyima usingizi wenye mashamba wa visiwa vyote vya jirani. Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa katika makoloni yake 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zilikwenda kwa wenye watumwa. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili hiyo ulimalizwa kulipwa 2015. Watoto wengi ninaowafundisha walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Na wapinga utumwa wenyewe hawakuwa watu wa kalamu na karatasi nyeupe tu. Mfano ninaoupenda uko Marekani, lakini mzizi wake uko hapa kwetu. Katika mji mdogo wa Deep River, jimbo la Connecticut, aliishi George Read, mzee wa kanisa, mtu aliyewaficha watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini na kuwasaidia kuanza maisha. Alikuwa pia na kiwanda cha kukata pembe za ndovu: vitana, na baadaye vibao vya piano. Pembe za viwanda vya bonde lile zilitoka kwa wingi Unguja, na nyingi zilifika pwani mabegani mwa watu ambao safari hawakuichagua. Walipofika, wakavishwa merikani, kitambaa kilichofumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mzee Read alimfungulia mlango mtumwa mmoja na kununua jasho la mwingine, na sidhani kama aliwahi kuwaona wawili hao kwa wakati mmoja. Wanafunzi wakisikia hivyo hutaka nimhukumu. Nami huwaambia waangalie simu zao na betri iliyomo ndani, kisha twende mbele.

Kuna darasa moja sikulifundisha vizuri, na nalikumbuka. Nilikuwa nikieleza misafara: nani alikamata, nani alinunua, nani alikopesha fedha. Nilitumia maneno niliyofundishwa mimi, "biashara ya Waarabu", nikayarudia mara nyingi. Kulikuwa na kijana ambaye babu yake mzaa baba alitoka Oman. Sikumtazama, lakini wenzake walimtazama. Wakati wa mapumziko mmoja akamwambia neno, naye akamjibu mwenzake kwa neno zito zaidi, neno ambalo pwani hii yetu bado linaweza kuvunja posa: mzalia, yaani mtoto wa watumwa aliyezaliwa hukuhuku pwani. Nikaitwa kuwaamulia. Mmoja alikuwa ameitwa mwuzaji, mwingine ameitwa mwuzwa, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa kabla ya mwaka 2000.

Kosa lilikuwa langu. Kabila au dini nilikuwa nimeifanya kuwa mtenda wa kitenzi. Ukweli una wahusika wengi zaidi. Kulikuwa na watemi na majumbe wa bara waliouza mateka wa vita. Wayao na wengineo waliofanya safari za Kilwa kuwa njia ya utajiri. Waswahili wenye mashamba na majahazi. Matajiri wa Kihindi waliotoa mitaji na kuendesha forodha. Wafaransa wa Réunion na Mauritius waliohitaji watu wa kukata miwa. Wenye mitende na wenye biashara ya lulu wa Ghuba. Na Waomani wa Unguja wenye mikarafuu yao. Na katika familia nyingi za pwani mnunuzi na mnunuliwa wamo ndani ya ukoo mmoja, kwa sababu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na akarithi. Masultani kadhaa wa Unguja, Barghash akiwamo, mama zao walikuwa masuria. Hilo nalo sikulisema siku ile. Tangu hapo hulisema kabla ya yote.

Tukipata nauli tunavuka kwenda Mkunazini. Soko lilipokuwa pana Kanisa Kuu la Kianglikana, ambalo Edward Steere alisimamia ujenzi wake. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi sita tu baada ya soko kufungwa. Waongozaji wanapenda kuwaonyesha wageni nguzo fupi karibu na mlango ambazo, husimuliwa, mafundi walizisimika kichwa chini askofu alipokuwa safarini. Nje kuna shimo lenye sanamu tano zilizofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs. Hapo watoto hunyamaza bila kuambiwa.

Kisha huteremshwa kwenye vyumba vya chini ya jengo la jirani, vyeusi, dari ya kuinama, na kuambiwa kwamba humo watumwa walirundikwa wakingoja mnada. Kila mara kuna anayelia. Mimi huwaacha watoke, wanywe maji, halafu nauliza: soko lilifungwa lini? 1873. Jengo hili la misheni lilijengwa lini? Wanatazamana. Jengo lilijengwa na misheni miaka mingi baada ya soko kufungwa, kwa shughuli za hospitali, na wanahistoria wamekwisha kuhoji kama vyumba vile viliwahi kufungia mtumwa yeyote.

"Kwa hiyo tumedanganywa?" aliniuliza msichana mmoja, macho bado yana machozi, na hasira yake ilikuwa imenielekea mimi. Soko lilikuwapo. Watu waliuzwa pale tulipokuwa tumesimama, hilo halina shaka wala mjadala. Nilimwambia kwamba machozi yake hayakupotea bure. Yamekosea mlango tu. Lakini nilikwenda na mawazo njia nzima ya kurudi. Watalii wanataka chumba. Maumivu yasiyokuwa na chumba ni vigumu kuyauzia tiketi, na sehemu kubwa ya utumwa wa pwani haikuwa na chumba: ilikuwa jikoni, shambani, kitandani, barazani.

Ubishi wa namna hiyo tunao hata nyumbani. Bagamoyo, bwaga moyo. Wageni huambiwa kwamba ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazini. Wengine, na mimi nimo, wanasikia humo pumzi ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi ya safari. Wapagazi wengi wa njia ya Bagamoyo walikuwa Wanyamwezi huru waliolipwa ujira. Bandari kuu ya watumwa ilikuwa Kilwa. Hilo halimaanishi kwamba hakuna mtumwa aliyepita hapa. Walipita, na mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni yao hapa 1868 walijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Lakini kila aonekanaye kwenye picha ya zamani na pembe begani tukimwita mtumwa, tunamnyang'anya Mnyamwezi mshahara wake.

Katika wale waliolelewa na wamisionari yumo mtoto ambaye hadithi yake naisoma darasani polepole. Aliitwa Swema, mtoto wa Kiyao. Alipouzwa, mama yake aliomba aongozane na msafara kwa hiari, abebe pembe, ili wasitenganishwe. Mama akaishiwa nguvu njiani, akaachwa. Swema alifika Unguja 1865 akiwa hoi, akaonekana hafai gharama ya chakula, akazikwa angali hai. Kijana mmoja wa Réunion akasikia, akamfukua, akampeleka misheni. Miaka michache baadaye, inasimuliwa, masista walimpa amhudumie Mwarabu majeruhi, na Swema akamtambua kuwa ndiye aliyewachukua yeye na mama yake. Akaambiwa asamehe. Akasamehe.

Darasa hupenda msamaha huo. Basi nauliza nani aliandika. Aliandika padri Horner, kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya waliochangia misheni. Nauliza tena: ni sehemu gani ya hadithi isingeweza kubuniwa na padri? Hapo ndipo wanafunzi wa historia hutengana na wakariri tarehe. Mmoja alisema: kwamba mama alibeba pembe. Padri anayetafuta michango, alisema, angemfanya mama akatwe na upanga. Mama aliyejitolea kuwa mpagazi ili atembee na mwanawe, huyo lazima alikuwapo.

Sasa nirudi kwenye sarufi yangu na kwenye mwaka 1873. Wakati Kirk akisubiri saini Unguja, ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye mashamba ya miwa ya Pangani, watumwa waliasi mwaka huohuo. Wakatoroka kwa wingi, wakajenga kijiji chenye boma kiitwacho Makorora, na wenye mashamba wakashindwa kuwarudisha. Hawakuwa na habari ya Bunge la London. Kaskazini zaidi, nyuma ya Malindi na Takaungu, kulikuwa na Fuladoyo, kijiji cha watoro kilichohusiana na Wakristo wa Rabai, kikavamiwa. Huko Witu, Ahmed Simba aliwapokea watoro wakawa nguvu ya utawala wake. Na Rabai yenyewe, mahali ambapo wamisionari Krapf na Rebmann walianza kazi katika miaka ya 1840, watoro waliingia kidogokidogo, wakalima, wakaoa, wakajenga, hadi wenye watumwa wa Mombasa walipotishia vita. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kupitia George Mackenzie, ikaona ni nafuu kulipa. Mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejihifadhi Rabai na misheni za karibu walipewa hati za uhuru, na mabwana zao wakapewa fedha.

Kitabu kitasema Mackenzie aliwakomboa. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kuondoka. Wengine walikuwa na miaka pale. Alichofanya Mackenzie ni kuwalipa mabwana ili wakubali jambo ambalo miguu ya watoro ilikuwa imelimaliza. Nikilieleza hivyo darasani huwa naona vichwa vikiinuka, maana kwa mara ya kwanza mtumwa amepata kitenzi: alitoroka. Naye aliyetoroka aliitwa mtoro.

Mtoro! Nani asiyelijua neno hili shuleni? Kila asubuhi naita majina, na asiyeitika siku kadhaa mfululizo namwandika hivyo. Kuna vikao vya watoro, kuna barua za wazazi wa watoro, kuna adhabu. Katika neno walilopewa watu wa Makorora tumebakiza viboko tu. Niliwahi kuwaomba wanafunzi wachunguze maneno mengine yaliyopinduka namna hii, na walichoniletea kilinipita. Mmoja aliniletea Siti binti Saad: mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 katika familia ya watumwa, jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa, alipopata umaarufu mjini akaitwa Siti, bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo sauti yake ikarekodiwa Bombay 1928. Mwingine alileta kanga. Mjakazi alivaa kaniki nyeusi au merikani. Baada ya 1897 wanawake waliotoka utumwani wakajifunga kanga za rangi ili asitokee wa kuwatambua barabarani. Wa tatu alileta Kingwana, Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Watu wa misafara waliotoka pwani, wengine wao watumwa hasa, walipofika Manyema walijiita waungwana, watu huru, kwani huko nani angewauliza? Lugha yao ikachukua jina la hadhi waliyojivika.

Neno hilo, muungwana, ndilo linalonipeleka Mombasa kila nikimaliza mada. Kisauni, mwaka 1875, Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilianzisha makazi ya watumwa walioshushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa, yakaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ingali imesimama, na mahali pale panaitwa Kengeleni hata leo. Makondakta wa matatu wanapaita kutwa nzima bila kujua wanamtaja nani. Mmoja wa watoto wa jamii ile ya mahuru, James Mbotela, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka 1934 na kusomwa katika shule za Afrika Mashariki kwa miongo. Simulizi ni ya ukoo wake, waliotekwa pande za Nyasa. Humo Mwingereza ndiye mwokozi na manowari ndiyo jibu la sala, na wahakiki wamekilaumu sana kwa hilo. Lawama hiyo naielewa. Ila mtu ambaye baba yake alishushwa jahazini na mabaharia wa kigeni, akaendelea kuishi, ana haki ya kuwashukuru mabaharia wale bila kutuomba ruhusa.

Mwanawe James alikuwa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake Wakenya waliisikia redioni kwa zaidi ya nusu karne. Kipindi chake maarufu kilianza 1966. Alizungumzia tabia mbaya za kila siku, anayeingilia foleni, anayetafuna kwa kelele, anayemtembelea mwenzake bila hodi, kisha akauliza taifa zima: Je, huu ni ungwana? Nililicheza swali hilo darasani kupitia simu yangu. Baadhi yao waliijua sauti. Nikawaeleza neno muungwana lilikuwa na maana gani pwani kabla ya kuwa mtu mwenye adabu: mtu asiye mtumwa. Nikawaeleza babu wa mwulizaji alikuwa nani.

Pakawa kimya, kisha yule kijana wa kiti cha nyuma, mtoto wa kibarua, akasema, "Kumbe alikuwa anawauliza wenyewe."

Katika mtihani wa mwisho wa muhula niliweka swali la zamani kama lilivyo, nani alikomesha utumwa, kwa sababu ndivyo watakavyoulizwa na serikali. Wengi waliandika Kirk, kama walivyopaswa. Wanafunzi wanne waliandika Kirk, kisha chini yake, kwa kalamu ya risasi, nyepesi kama vile wangeweza kulikana, wakaandika "na watoro". Nilikaa na karatasi zile nne hadi usiku. Mwongozo hauna nafasi ya jibu hilo.

Asubuhi yake nilifungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Watatu hawakuitika, mmoja wao kwa siku ya tano. Nikaishusha kalamu kwenye mstari wake, na darasa zima likanyoosha shingo kuona nitaandika nini.